Utafiti wa Afya si Gharama Tupu

Kila makadirio ya bajeti yanaposomwa, utafiti wa afya hutiwa katika fungu la matumizi, kana kwamba ni maji yamwagwayo mchangani. Hesabu hiyo ina kasoro. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI wilayani Kilifi walijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa. Katika vijiji vilivyogawiwa, vifo vya watoto wachanga na wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Mama asiyekesha wodini hupalilia shamba lake. Baba hauzi mbuzi kulipia matibabu. Dada mkubwa haachi shule kulea wadogo zake. Huo ni uchumi, ijapokuwa vitabu vya Hazina Kuu havina safu ya kuuandika.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliagiza asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti. Kiwango hicho hakijafikiwa. Mzigo tumewatwika wafadhili wa ng'ambo. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, miradi ya afya ilikwama na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Waziri wa Fedha na aulizwe bungeni: asilimia hizo mbili zi wapi?