Nani Kasema Steringi Hafi?

KITI CHA NYUMA
Na Hamisi Kilongola

Watengenezaji wetu wa filamu wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote lakini wote wanaitii: steringi hafi. Apigwe, afungwe, akimbiwe na mke, arogwe na mama mkwe, lakini zikifika dakika za mwisho lazima asimame, adui alale chini, na mchungaji apite kuombea. Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu kwamba ndivyo watazamaji wetu wanavyotaka. Mmoja aliniambia bila kupepesa macho kwamba ukimuua steringi, Mswahili anadai hela yake.

Wiki hizi nimeangalia picha nyingi kuliko kawaida yangu, za zamani na za karibuni, bila mpangilio wowote. Sikukusudia kufanya utafiti. Ila kadiri nilivyoangalia ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sheria hiyo tunasingiziwa.

Tuanze na Wahindi, maana ndio waliotulea. Mwaka 1975 Amitabh Bachchan alikufa mara mbili: mwanzoni mwa mwaka ndani ya Deewaar, Agosti ndani ya Sholay. Mwaka 1978 akafa tena ndani ya Muqaddar Ka Sikandar. Kwa hesabu za watayarishaji wetu, mtu huyu alipaswa kufilisi majumba ya sinema yote kuanzia Mombasa hadi Unguja. Kumbe vifo hivyo ndivyo vilivyomfanya awe Amitabh. Wapo watu wazima hapa mjini, Kihindi hawajui hata cha kuombea maji, lakini watakusimulia mpaka leo namna Vijay wa Deewaar alivyokata roho mikononi mwa mama yake, tena kwa risasi ya mdogo wake wa tumbo moja aliyekuwa askari polisi.

Nimeirudia hiyo Deewaar, na safari hii kilichonishika ni kile kibati cha namba 786 anachovaa Vijay akiwa kuli bandarini. Mzee Rahim, mfanyakazi mwenzake, anamweleza kuwa namba hiyo ina baraka, ni hesabu ya Bismillahi. Vijay mwenyewe amegombana na Mungu, mama yake akienda hekaluni yeye anabaki nje. Lakini kibati hakiachi, na kibati kinamkinga. Siku kinapomponyoka ndiyo siku yake. Mtazamaji wa Unguja au wa Mombasa hakuhitaji mkalimani kwenye hilo. Aliona kibati kinaanguka, akajua habari imekwisha, akaanza kulia kabla mama mtu hajaanza.

Sholay ni ufundi wa aina hiyo hiyo. Jai, yaani Amitabh, kila mara anarusha sarafu kuamua jambo, na rafiki yake Veeru anakubali matokeo. Mwishoni Jai anarusha sarafu kuamua nani abaki darajani kuzuia majambazi na nani akalete risasi. Anabaki yeye. Baada ya kifo chake ndipo Veeru anaigeuza ile sarafu na kukuta pande zote mbili zinafanana. Maana yake rafiki yake hakubahatisha, alichagua. Ukishaona hapo, rudi nyuma uhesabu mara zote alizoirusha: picha nzima ilikuwa inakuandaa na wewe unacheka.

Kuna kisa cha pembeni nakipenda. Wakati Sholay inatoka, India ilikuwa chini ya hali ya hatari ya Indira Gandhi. Wakaguzi wa filamu waliitazama na kutaka mwisho ubadilishwe. Unadhani waliumia Jai kufa? Hapana. Walichokataa ni Thakur, yule bwana aliyekatwa mikono, kumuua jambazi Gabbar Singh kwa miguu yake, wakati yeye mwenyewe aliwahi kuwa askari. Ikabidi polisi waletwe dakika za mwisho wamchukue jambazi. Yaani serikali nzima ilihangaika na kifo cha adui, cha steringi haikukijali.

Ukitaka ya nyuma zaidi ipo Mother India ya 1957, ambamo mama anamtungua mwanawe kwa bunduki. Na kwa wale wa mateke, Fist of Fury ya Bruce Lee, ya 1972, inakwisha steringi akiruka kuelekea mitutu ya bunduki, picha inaganda akiwa hewani, milio inasikika. Hakuna aliyedai hela yake. Watu walitoka nje wakipiga mateke.

Nikahama nikaenda Uganda. Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa vihela vya kuungaunga, na bunduki za kuchonga na kuchomelea. Nakala tuliyo nayo leo ina sauti ya VJ Emmie juu yake, anayewatania waigizaji, anawasifia makomando, anamzomea adui, anatangaza picha nyingine katikati ya hii. Sisi tuliokulia kwenye mabanda umiza tukimsikiliza Lufufu akitugeuzia picha za kigeni kuwa za Kiswahili tunajua hiyo ni sanaa kamili, si kelele.

Niliiangalia na mtoto wa kaka yangu aliyekuja likizo. Katikati ya picha Kapteni Alex anauawa. Kijana akanigeukia.

"Ba'mdogo, huyu si ndiye steringi? Mbona wamemmaliza mapema hivi?"

"Subiri."

"Na aliyemuua ni nani?"

"Jina la picha linauliza hivyo hivyo."

Tulisubiri. Akaja Bruce U, ndugu yake marehemu na fundi wa kung fu, kutafuta kisasi. Risasi zikalia, helikopta ikapiga mabomu Kampala, watu wakaisha. Muuaji hakujulikana, na mpaka leo hajulikani. Kijana hakudai chochote. Aliomba irudiwe. Nami nasema bila aibu kwamba ile picha ina uhai mwingi kuliko tamthilia nyingi zinazopigwa kwa kamera za bei ya nyumba.

Lakini picha iliyonifanya niandike safu hii ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, Mkenya, ya mwaka 2018. Nilikuwa nimeikwepa kwa sababu nilisikia inahusu mtoto anayekufa, na mimi picha za namna hiyo huwa naziogopa. Mara nyingi zinakukaba koo mpaka utoe machozi, kisha zinajisifu kwa machozi yako.

Jo ana miaka tisa na ugonjwa wake hauna tiba. Anapenda mashujaa wa sinema, wale wanaopaa na kusukuma magari kwa mkono mmoja. Mama yake anamrudisha nyumbani kutoka hospitali, na mama, kama mama yeyote, anataka mtoto alale, apumzike, afungiwe upepo. Dada yake, Mwix, anaona kwamba kulala si kuishi. Anaanza kumchezea Jo mchezo wa kumwaminisha kuwa ana nguvu za ajabu, na kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia kwenye njama. Mwishowe kijiji kinaamua kumtengenezea filamu yenyewe, Jo akiwa ndiye steringi, na kijana Mike, mwonyesha sinema wa pale kijijini, ndiye mtaalamu wa shughuli.

Angalia alichofanya Wainaina. Kifo hakukificha hata dakika moja. Unakijua tangu mwanzo, Jo mwenyewe anakijua kuliko watu wazima wanaomzunguka, na kwa hiyo hakitumiki kukushtua. Swali linalokuweka kitini ni jingine: watu watafanya nini na siku zilizobaki? Hapo ndipo ninapoona ujinga wa ile sheria yetu. Mtengenezaji anayemkinga steringi wake na kifo analazimika kutafuta mashaka kwingine, ndiyo maana tunaletewa pacha aliyepotea, jini, na wosia bandia. Wainaina amekubali jambo la kutisha kuliko yote mapema, akapata nafasi ya kuwaangalia watu.

Ugomvi wa mama na Mwix ndio moyo wa picha. Kila mmoja ana haki yake, na mwongozaji haegemei upande. Marrianne Nungo anayeigiza mama hapigi kelele. Kuna mahali anakaa tu, anamtazama binti yake mdogo akicheza, uso wake unabadilika polepole, na wewe unajua ameshindwa mjadala bila mtu kusema neno. Kwenye filamu zetu hapo angepewa dakika tatu za kulia kwa sauti na kinanda juu yake.

Ina kasoro. Wanakijiji wema wamezidi. Katika kijiji chochote ninachokijua mimi lazima angekuwepo mmoja wa kuuliza hela ya kutengeneza filamu imetoka wapi na kwa nini hakuitwa kwenye kamati. Muziki nao mahali pengine unatusukuma mgongoni kama abiria wa daladala. Lakini mwisho wake sitausahau, na sitausimulia, kwa sababu wapo ambao hawajaiona.

Kutoka Kenya niliirudia pia Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya 2012. Humo steringi hafi, na ndipo utamu ulipo. Mwas anatoka kijijini anakouza mikanda huku akiwaigizia wateja, anakwenda Nairobi kuwa mwigizaji, siku ya kwanza tu anaibiwa na kutupwa rumande. Anajikuta usiku kwenye genge la wezi, mchana kwenye mazoezi ya jukwaani. Mwisho yeye anapona. Wenzake hawaponi. Anapanda jukwaani na majeraha usoni, watazamaji wanapiga makofi bila kujua ametoka wapi. Kupona kwake kunauma kuliko vifo vingi.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, najua wengi mmeiona kwa kuwa kitabu mlikisoma shuleni. Hukumu yangu ni fupi. Sijaona Unguja ikipigwa picha nzuri namna ile: kuta, taa za kandili, mvua, ukimya wa vichochoro. Ila penzi la Yasmin na Denge halikunipasha moto. Wanatazamana vizuri mno, kama watu wanaojua kuwa wanachorwa. Aliyenichukua ni Mwajuma wa Siti Amina. Kila anapoingia picha inapumua, na anapotoka unamsubiri arudi.

Binti ya Seko Shamte, pia ya 2021, ina visa vya wanawake wanne. Kisa cha Tumaini, duka lake na deni lake, nilikipenda sana. Vingine vilinipita.

Sasa nirudi kwa Bongo muvi. Kwa miaka mingi picha zetu ziliuzwa vipande viwili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila kipande na bei yake. Hadithi ya dakika sabini ikanyooshwa mpaka saa tatu. Ndipo tulipojifunza kutazama gari likifika getini, honi, mlinzi anatoka, anachungulia, anafungua geti, gari linaingia, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, kiatu kinashuka. Steringi hawezi kufa mwisho wa Sehemu ya Kwanza, la sivyo ya pili nani atanunua? Sheria ilianzia kwenye biashara, wakaipachika kwa mtazamaji.

Na mtazamaji huyo huyo wanayemwona dhaifu ndiye aliyejaza viwanja vya Leaders Aprili 2012 kumuaga mwigizaji Steven Kanumba, umati uliofurika mpaka barabarani, wengine wakizimia. Watu wetu kifo wanakijua na wanajua kukiheshimu. Wanachokataa ni cha kubandikwa: ajali ya ghafla kwa sababu mwandishi ameishiwa, au sumu kwenye juisi kwa sababu mwigizaji alidai nyongeza ya malipo akaondolewa. Mtazamaji wa banda umiza analinusa hilo haraka kuliko mwalimu yeyote wa chuo cha filamu. Na ananusa vilevile pale steringi anapoponyeshwa kwa hila ya namna hiyo hiyo, ingawa hapo hatalalamika sana, atasonya tu na kwenda zake.

Kwa hiyo waandishi wetu wa miswada, kabla hamjaamua nani abaki hai, tuonyesheni kwanza kibati. Tuonyesheni sarafu. Hayo mengine tuachieni sisi.

Na wewe msomaji, ukiwa na nafasi ya picha moja tu wikiendi hii, tafuta Supa Modo. Ni dakika 74. Watoto wasifukuzwe sebuleni, na maswali watakayouliza baadaye yajibiwe.