Kilo 40 za Pweza

Mheshimiwa mwenye dhamana ya vituo vya usafiri,

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Mbali na Nangurukuru, namaanisha.

Dhumuni la barua hii ni kilo 40 za pweza. Mashua iliingia Kilwa Masoko alfajiri, kwa kuwa ndipo maji yalipojaa. Nikapakia bajaji: pweza, barafu, gunia la kufunikia, mpaka njia panda ya Nangurukuru. Basi la Dar niliambiwa saa nne. Lilifika saa nane. Kivuli ni cha mwembe mmoja, nacho kina wenyewe. Barafu ikachuruzika mpaka kwenye lami, ikakaukia pale pale. Konda akafungua buti, akanusa, akafunga. "Mama, hawa wamekufa mara ya pili."

Kilo 40 nikazifukia. Ada ya mwanangu ilikuwa humo humo.

Sina haja ya kukueleza kwamba bahari ina ratiba yake, ya bamvua na maji mafu, na basi lina yake, ya Mbagala kule Dar. Unajua. Ninachouliza ni nani aliyepewa kazi ya kuzikutanisha. Masoko mlianza kujenga bandari ya uvuvi, jiwe la msingi liliwekwa 2023. Hongereni. Samaki wakiwa wengi, na wao watakuja kuoza njia panda? Kilo 40 zangu zilikuwa majaribio tu?

Dar mmejenga stendi ya Mbezi, 2021. Sisi hatutaki ghorofa. Tunataka paa, choo chenye maji, taa, chumba cha barafu, na ubao unaoandika saa ya maji kujaa kando ya saa ya basi. Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331, dhahabu ya Sofala ilikuwa ikibadilisha vyombo hapa bila semina wala kamati.

Lakini ndivyo mnavyojenga: barabara kivyake, gati kivyake, soko kivyake, na kinachoviunganisha ni kichwa cha mwanamke na ndoo yake.

Karibu Nangurukuru, Mheshimiwa. Shuka kwenye gari, ukae nami saa nne mpaka saa nane. Barafu nitakupa mimi, uishike mkononi.

Wako mtiifu, hadi sasa,
Mchuuzi wa pweza, Kilwa