Mlinzi Aliye Dunguni

Nilipokuwa mtoto huko Iramba, kazi yangu msimu wa mtama ilikuwa kulinda ndege. Alfajiri nilipanda dunguni na kombeo langu, nikashuka magharibi. Siku moja nilipitiwa na usingizi. Baba alikuta masuke yameliwa, nami ningali juu. Hakuniuliza nimekaa dunguni muda gani. Aliniuliza mtama uko wapi.

Swali hilo ndilo ningependa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liulizwe kila linapoongeza muda wa jeshi lake nchini Kongo. Jeshi hilo lilianza mwaka 1999 likiitwa MONUC, na mwaka 2010 likawa MONUSCO. Desemba 2024 liliongezewa mwaka mwingine. Mwezi uliofuata waasi wa M23 wakauteka mji wa Goma, walinzi wakiwa mumo humo.

Wako wanaosema basi, vijana wetu warudi. Sikubaliani nao. MONUSCO iliondoka Kivu Kusini Juni 2024. Februari 2025 Bukavu nayo ikatekwa. Kushuka dunguni hakufukuzi ndege.

Wala nisiambiwe kwamba kazi yenyewe haiwezekani. Mwaka 2013 brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa, ililisaidia jeshi la Kongo kuwashinda M23 hao hao. Ilikuwa na amri ya kupigana. Tena Rwanda, iliyotajwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuwa inawasaidia waasi, ilikuwa imesimamishiwa misaada na wafadhili kadhaa. Bunduki na shinikizo vilikwenda pamoja.

Ndugu msomaji, Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki, Kivu Kaskazini. Hapa Singida nina majirani wenye watoto jeshini. Siwezi kumwambia mama yeyote kati yao kwamba mwanawe alikufa ili tarehe fulani isogezwe mbele.

Kwa hiyo nasema: muda na uongezwe, lakini kwa masharti. Walinzi wapewe amri na zana za kulinda. Wanaowalisha waasi silaha wabanwe, hata kama ni marafiki wa wakubwa. Na kabla ya mkono kunyanyuliwa kupiga kura, itolewe hesabu ya vijiji vilivyolindwa na vilivyochomwa.

Vinginevyo tunabadilisha kalenda tu, na ndege wanaendelea kula.