Ajali haina kinga, lakini haki ina tarehe yake

Saa kumi na mbili jioni barabara imejaa. Bodaboda inajipenyeza katikati ya matatu mbili, na mama aliyekuwa akitoka sokoni na kikapu chake anarushwa kando ya lami. Watu wanakimbilia. Mmoja anamnyanyua, mwingine anaokota nyanya, wa tatu amemkamata ukosi kijana wa bodaboda asije akatoroka. Baada ya kelele za dakika kumi, mzee mmoja anakata shauri: kijana atoe elfu mbili za dawa, mama aende zake nyumbani, yaishe. Mama mwenyewe anasema, "Ni kadari ya Mungu, wanangu." Watu wanatawanyika, kila mmoja akiona ametenda wema.

Siku ya kumi goti bado limevimba. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa una ufa, na daktari ataka upasuaji. Nambari ya pikipiki hakuna aliyeiandika. Kijana hajulikani jina wala steji yake. Zile elfu mbili ziliisha siku ya pili.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Yeyote aliyewahi kusimama Kongowea, Mtwapa, Likoni au Ukunda saa za jioni ameona mfano wake. Na ndicho kinachonifanya niseme hivi: majeruhi wengi wa pwani hukosa fidia ilhali sheria ya kuwalinda ipo. Haki yao huponyoka wiki ile ya kwanza, watu wanapokuwa bado wanatoa pole.

Barabarani

Tuanze na kinga. Sheria ya Trafiki yataka anayepanda pikipiki avae helmeti na koti lenye kuakisi mwanga, na dereva asibebe abiria zaidi ya mmoja. Sisi twapanda watatu, "mshikaki", na helmeti yaning'inia kwenye usukani kama pambo. Kina mama nao wana hatari yao ya pekee: buibui au leso inayoburura karibu na gurudumu la nyuma. Ikinaswa na cheni, humvuta mtu chini kabla dereva hajajua kuna nini. Kukusanya nguo na kuikalia kabla pikipiki haijaondoka ni kazi ya sekunde tano.

Wengi hawajui kwamba helmeti hukinga kichwa na hukinga dai pia. Mahakama zetu hupima mchango wa aliyeumia katika maumivu yake mwenyewe. Tuseme hakimu ameona fidia yako ni shilingi 500,000, lakini akaamua asilimia 20 ya lawama ni yako kwa kupanda mshikaki bila helmeti. Utaondoka na 400,000. Uzembe wako mdogo umekula laki moja.

Ajali ikishatokea, dereva ana wajibu wa kusimama, kutoa jina lake na la mwenye gari, na kuripoti polisi ndani ya saa 24. Asiposimama, au akisimama kisha mkamalizana wenyewe kwa wenyewe, wewe ndiye utakayebaki bila ushahidi. Kwa hivyo aliye na simu apige picha: nambari ya gari, mahali penyewe, na cheti cha bima kikiwapo. Chukua nambari za simu za mashahidi wawili, hata kama ni muuza mahamri wa pale kando. Kisha hospitali, halafu kituo cha polisi upewe nambari ya OB. Hapo ndipo utakapopata abstrakti ya polisi na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza ulivyoumia. Fomu ya P3 polisi hawaiuzi.

Na ukifika hospitali, kumbuka Katiba, Kifungu cha 43(2): hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mambo ya amana yazungumzwe baada ya damu kusimama.

Kila gari na pikipiki iliyoko barabarani yapaswa kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Ni bima hii inayolipa, kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia. Pikipiki ikiwa haina bima, bado waweza kumshtaki dereva na mwenye pikipiki, ila ujue kwamba kushinda kesi ni jambo moja na kulipwa na mtu asiye na mali ni jambo jingine. Ndiyo maana jina la mwenye chombo lafaa kutafutwa mapema kupitia rekodi za NTSA, kabla hakijauzwa na kubadilisha mikono.

Muda wa kufungua kesi ya kuumia ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Kama gari ni la Serikali, muda ni miezi 12 pekee. Aliyefariki, familia yake yaweza kudai kwa niaba ya wategemezi, yaani mume au mke, watoto na wazazi, ndani ya miaka 3 tangu kifo. Dai hili halipelekwi kwa Kadhi. Mahakama ya Kadhi husikiza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Fidia ya ajali ni ya mahakama za kawaida.

Kazini

Ukipita kwenye majengo yanayopanda kila siku kuanzia Nyali hadi Diani, utaona kijana ghorofa ya tano amesimama juu ya ubao, miguuni ana sapatu, kichwani ana kofia ya kitambaa. Akianguka, mwenye mjengo humpeleka hospitali siku ya kwanza, siku ya pili simu haishikwi, siku ya tatu pameajiriwa mwingine.

Kwa watu hawa kuna Sheria ya Manufaa ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana zaidi kama WIBA. Chini ya sheria hii, aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Yatosha kuonyesha aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi, ila tu asiwe amejiumiza kwa makusudi. Gharama za matibabu ni za mwajiri, na mwajiri yuatakiwa awe amewakatia wafanyakazi wake bima.

Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa msingi wa mshahara wa miezi 96. Chukua mfano wa fundi anayepata 15,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akimpima na kusema amepoteza asilimia 20 ya uwezo wake, fungu lake ni 288,000. Mtu huyu huyu, akiwa kitandani, huletewa bahasha ya elfu kumi na karatasi ya kutia sahihi. Ukijua hesabu hii hutaishika ile kalamu kwa haraka.

Dai la WIBA halianzii mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba njia yake ni ofisi ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, DOSH. Mwambie mwajiri mara tu unapoumia, kwa maandishi ukiweza. Hata ujumbe wa simu ni maandishi. Naye apaswa kumjulisha Mkurugenzi ndani ya siku 7. Asipofanya hivyo, nenda mwenyewe. Usingoje, kwani ukipita miezi 12 bila ajali kuripotiwa, haki yako yaweza kufa. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga, na baadaye waweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

"Mimi ni kibarua tu, sina barua," wengi husema. Kibarua naye ni mwajiriwa. Jumbe za M-Pesa za malipo ya kila wiki, picha ukiwa kazini, na wenzako mliochanganya saruji pamoja, vyote ni ushahidi. Anayebaki nje ni yule anayejiajiri. Mkwezi anayepanda minazi ya watu kwa malipo ya kila mti, siku akianguka, itakuwa vigumu kuonyesha nani mwajiri wake. Kwake yeye kinga ndiyo ngao ya kwanza: asipande mnazi ulioloa mvua, aikague kamba yake kila asubuhi, na awe na mwenzake chini. Wenye mashamba nao wasimhimize apande huku upepo ukivuma eti kwa kuwa lori la nazi lishafika.

Nyumbani

Majeraha mengi ya nyumbani hayana wa kushtakiwa. Mtoto anayevuta ukambaa wa sufuria ya chai, au anayejikwaa kwenye jiko la makaa lililowekwa mlangoni, hana mtu wa kumdai ila sisi wazazi wake. Jiko na liinuliwe juu au lizungushiwe matofali. Mtoto akiungua, mmwagie maji baridi ya bomba au ya mtungi kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, mafuta na ute wa yai viacheni. Huzuia joto kutoka na hukaribisha uchafu kwenye kidonda.

Mafuta ya taa yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Akishakunywa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Kumtapisha huyapeleka mafuta kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkimbizeni hospitali na ile chupa mkononi.

Lakini si kila ajali ya nyumbani ni ya kulaumu mzazi. Visima vyetu vilivyo wazi na mashimo ya vyoo yaliyofunikwa kwa mabati yenye kutu ni mitego, na mara nyingi viko kwenye nyumba za kupanga. Sheria inayohusu wajibu wa mwenye kushikilia mahali humtaka achukue hadhari ya kutosha kwa anayeingia kwa ruhusa, na akumbuke kwamba watoto hawana tahadhari ya watu wazima. Wapangaji wakiona kifuniko kimeoza, wamwandikie mwenye nyumba na wabaki na nakala. Barua hiyo yaweza kuokoa mtoto. Isipomwokoa, itakuwa ushahidi kwamba mwenye nyumba alijua.

Madalali wa vitandani

Kuna watu wanaozunguka wodi wakiulizia walioumia kwa gari. Huja na pole, na soda, na fomu. Mgonjwa hutia sahihi akiwa na dripu mkononi, na baada ya miaka miwili husikia kesi yake ilishalipwa. Wakili haruhusiwi kutafuta wateja kwa njia hiyo, wala haruhusiwi kufanya mapatano ya kulipwa endapo kesi itashinda tu. Kabla ya kumkabidhi mtu karatasi zako, hakikisha kupitia Chama cha Mawakili kwamba ana leseni, mwone uso kwa uso ofisini kwake, na ubaki na nakala ya kila kitu. Pesa zikitoka, dai hesabu iliyoandikwa.

Kwa dai lisilozidi shilingi milioni 1, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo waweza kufika bila wakili na ambayo sheria yaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Kwa asiye na uwezo, Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa, na ipo pia Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016.

Sulhu ina wakati wake

Najua kuna watakaosema nawafundisha watu kushtakiana, na sisi pwani ni watu wa kuelewana. Sulhu ni jambo jema, na Katiba yenyewe, Kifungu cha 159, yaitaka mahakama iunge mkono usuluhishi. Hata hivyo, sulhu inayofanywa kabla ya eksirei ni bahati nasibu, tena mara nyingi anayeliwa ni maskini. Huwezi kuusamehe mguu ambao hujajua kama utapona. Na ukitia sahihi karatasi inayosema "sina dai tena", huenda ndiyo mwisho wa dai lako hata mguu ukikatwa.

Kuamini kadari nako hakumwondolei mtu wajibu. Twaamini kadari na bado twafunga milango usiku. Twaamini riziki na bado twaenda kazini alfajiri. Kwa nini tukishaumia ndipo tusione haja ya kuandika nambari ya gari?

Tumrudie yule mzee wa kando ya barabara. Nia yake ilikuwa njema, na watu walimsikiliza. Heshima ile ile angeitumia kusema maneno mengine: "Piga picha nambari ya pikipiki kwanza. Wewe kijana, jina lako na simu yako. Mama apelekwe hospitali, polisi waandike. Mambo ya kusameheana tutakutana kwangu daktari akishasema." Yangechukua dakika zile zile kumi, na mama yule leo angekuwa na pa kuanzia.