Tatizo Si Kompyuta, Tatizo ni Swali

Jamani, leo niacheni niwachokoze kidogo. Chuo nilichosoma, kila ratiba ya mitihani ilipogongana tuliambiwa kompyuta ni za zamani, zinunuliwe mpya. Mimi sikubali.

Hebu tuandike swali lenyewe: kuna mpangilio wa masomo yote katika vipindi vitatu, ambao mwanafunzi yeyote hatakuwa na mitihani miwili kipindi kimoja? Humo hamna mashine wala saa. Ni sentensi ya mantiki tu. Ukipewa ratiba, kuikagua ni kazi ndogo. Kuitafuta ndiyo kasheshe!

Mwaka 1974 Mmarekani Ronald Fagin alichapisha uthibitisho kwamba maswali ambayo jibu lake hukaguliwa haraka ndiyo hasa yale yanayoandikika hivyo: "kuna mpangilio", kisha masharti kwa mantiki ya kawaida. Kama yote yana njia ya haraka ya kuyatatua, hakuna ajuaye. Zawadi ya dola milioni 1 iliyotangazwa mwaka 2000 bado haijachukuliwa.

Kwa hiyo wakubwa, kabla ya kufungua pochi, andikeni swali. Pengine dawa ni kuongeza kipindi cha nne tu. Au ndugu msomaji, unaonaje?