Mboga Zetu Zimetiwa Daftarini, Lakini Sufuriani Zi Wapi?

Mwezi wa Desemba, 2021, UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, sayansi na utamaduni, liliitia kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika daftari lake la mifano mizuri ya kulinda utamaduni. Kazi yenyewe ilianza mwaka wa 2007. Wataalamu wakishirikiana na wananchi waliandika mimea ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji na matumizi yake, na watoto wa shule za msingi nao wakashirikishwa.

Heshima hiyo ni yetu sote wala siidharau. Lakini mimi niliyekulia Pwani najiuliza: imeingia katika majiko mangapi ya Mombasa, Malindi na Lamu?

Mchunga, mnavu, kisamvu na majani ya kunde bado ni mboga zinazouzwa na akina mama sokoni Kongowea. Hazijapotea. Kilichopotea ni hadhi yake. Mgeni akibisha hodi, mwenye nyumba huona haya kumwandalia mchunga asije akadhaniwa hana kitu, basi mtoto hutumwa mbio akalete nyama na soda. Katika Ramadhani ndiyo usiseme. Sinia ya futari niliyoizoea utotoni ilikuwa na tende, mihogo ya nazi, viazi vitamu, kunde na uji wa wimbi. Siku hizi, katika nyumba nyingi ninamoalikwa, huona viazi karai, bhajia, sambusa na kaimati zilizoogeshwa shira, na sharubati ya unga wa paketi ya kuteremshia. Mtu ameshinda na njaa mchana kutwa, kisha anafungua kwa mafuta na sukari! Halafu twashangaa kwamba ni shida kupata ukoo usio na mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu.

Wako wasemao kwamba lawama ni ya vyakula vya kigeni. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukifukuza kila kigeni jikoni kwetu utabaki na nini? Muhogo na mahindi asili yake ni bara la Amerika, na yaliletwa huku na Wareno. Mchele ulitoka Asia. Chapati ni za Bara Hindi. Na ajabu ni kwamba Wahindi wenyewe ndio waliopendekeza mwaka wa 2023 uwe mwaka wa kimataifa wa nafaka kama uwele, wimbi na mtama. Wenye chapati wanarudi kwenye mtama, nasi tuliokuwa na mkate wa mofa twaukimbilia unga mweupe, uliokwisha kuondolewa pumba na kiini, yaani kile chenye faida zaidi.

Wimbi lina kalisi nyingi ya kujenga mifupa. Mboga za majani zina vitamini A, nayo mwili huipokea vyema pakiwapo mafuta kidogo. Kwa hivyo bibi zetu waliotia tui katika mchicha walijua wafanyalo, ingawa tui nalo si la kumiminwa kama maji ya kisima. Kisamvu kibichi kina sumu, ndiyo sababu hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Elimu ya namna hiyo huipati kwa kusoma jina la mmea katika orodha. Huipata kwa kusimama karibu na kinu. Sasa niambie, msomaji, ni mabinti wangapi mtaani kwako wanaokijua kinu?

Kwa maoni yangu kazi ngumu imebaki kwetu sisi wenye sherehe. Watoto hujifunza chakula cha heshima kwa kutazama kile wazazi wao wanachowapakulia wageni. Je, katika harusi zijazo, ni nani atakayethubutu kuwa wa kwanza kuweka bakuli la mchunga kando ya biriani?