Usalama wa Bafwasende si wa kukodisha

Wanainchi wa Bafwasende, ndugu zetu wa Kisangani na wa Tshopo nzima,

Maneno yanazunguka sokoni, kwa motari na hata mbele ya viongozi: polisi ni wachache, serikali haina pesa, basi afazali kila familia itoe franga kidogo kila juma, tulipe kampuni ya walinzi ao vijana wa mtaa, wachunge mji. Wanasema itakuwa bei nafuu. Sisi vijana tumekaa, tumezungumuza, na jibu letu ni apana.

Hatusemi hivyo kwa sababu tunapenda hali ya sasa. Teritori yetu ni kubwa kushinda Rwanda nzima, na polisi wengi wanatembea kwa miguu. Mshahara wao ni kidogo na unachelewa. Mtu akiibiwa usiku, mara nyingi anaambiwa atoe kwanza makuta ya mafuta ya moto ndipo wamfuate mwizi. Mwenye anasema amechoka, ana haki. Na sisi tumechoka.

Lakini tufanye hesabu vizuri. Nani atapunguza gharama? Serikali peke yake. Mama muuza sombe analipa tayari kodi ya soko, na mume wake analipa kwenye bariere za barabara ya Kisangani. Sasa watalipa mara ya tatu kwa kazi ileile. Hiyo si kupunguza gharama, ni kuhamisha deni kutoka Kinshasa na kulitia mfukoni mwa maskini. Na mwenye hana kitu, nani atachunga mlango wake?

Tena, mlinzi anasikiliza mwenye kumlipa. Kwetu kuna dhahabu. Siku tajiri wa machimbo atagombana na wachimbaji, mlinzi mwenye anakula kwa huyo tajiri atasimama upande gani? Polisi akikosea, angalau kuna sheria, kuna mkubwa wake, kuna oditora wa kijeshi wa kumshitaki. Kijana wa mtaa mwenye kupewa panga na franga, tutamshitaki wapi?

Katiba yetu imesema wazi. Kifungu cha 182 kinapatia Polisi ya Taifa kazi ya kulinda watu na mali yao. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kikundi cha kijeshi ao kuweka vijana wenye silaha, na kinaita kosa hilo uhaini mkubwa. Sentineli wa kuchunga lango la duka hatumkatai, ni kazi yake. Lakini kusimamisha watu barabarani, kufunga na kuhoji, hiyo si biashara ya kampuni.

Na Boyoma ni shahidi. Kuanzia 1964 serikali ililipa mamluki wazungu wapige waasi wa Simba. Tarehe 5 Julai 1967 mamluki walewale waligeuza bunduki na kuasi serikali, hapohapo Kisangani. Miaka thelathini nyuma yake Mobutu akaleta wengine, akawaweka Kisangani. Mji ulianguka tarehe 15 Machi 1997, nao walikuwa wamekimbia. Goma, Januari 2025, wazungu wa kulipwa karibu 300 walijisalimisha, wakavushwa Rwanda. Raia walibaki peke yao. Mtu wa mkataba, mkataba ukiisha ao risasi zikizidi, anarudi kwao. Sisi kwetu ni hapa.

Na kama ni vijana wetu wenyewe? Muulize mtu wa Opienge. Mai-Mai Simba wametokea kwenye uasi wa 1964, na mpaka leo jina hilo halijatoka msituni. Silaha ni rahisi kuigawa. Kuirudisha, watoto wa watoto wanaweza kuzeeka wakingoja.

Kwa hiyo tunadai mambo manne:

1. Serikali ya Kinshasa ilete polisi wa kutosha Bafwasende, wenye moto, mafuta na redio, na mshahara ulipwe kila mwezi bila kukatwa njiani.

2. Kifungu cha 175 cha Katiba kinapatia mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa. Mkoa wa Tshopo ubandike mbele ya watu pesa iliyopokea na sehemu iliyoshuka mpaka kwa sekta zetu. Ndipo tutajua kama kweli pesa haiko.

3. Baraza la usalama wa karibu, lililowekwa kwa amri ya serikali ya 2013, likae kila mwezi, na wanawake, motari na vijana wawe ndani. Hapo raia anauliza na polisi anajibu.

4. Bariere zote zisizo za sheria zitoke barabarani.

Sisi wenyewe hatutakaa mikono mitupu. Kila mtaa upange filimbi na namba za simu za kuita polisi, bila panga, bila bunduki, bila kumpiga mtu. Tukimkamata mwizi, tunamfikisha kwa polisi akiwa mzima. Na polisi akiomba makuta, tunaandika saa na mahali, tunalipeleka kwenye baraza.

Wakija kwenu kuomba franga za walinzi, muwaulize swali moja: ile kodi tuliyolipa jana, ilichunga nani?

Sisi vijana raia wa Bafwasende.